Maji ya Usiku Mmoja: Usafi wa Kiongeza Unyevu cha Mashine ya CPAP

Kiongeza unyevu cha mashine ya CPAP ni kitangi kidogo cha plastiki chenye kitako cha chuma, kinachokaa juu ya sahani ya joto ndani ya mashine au ubavuni mwake. Hewa inayosukumwa na feni hupita juu ya uso wa maji, huchukua mvuke, kisha huingia katika mpira wa hewa hadi kwenye barakoa aliyoivaa mgonjwa. Kitangi hakina injini wala kipande kinachozunguka, na kwa sababu hiyo wenye mashine wengi hukiona kama bakuli tu la kujaza maji. Hata hivyo, hakuna sehemu nyingine ya mashine ambamo maji na joto hukaa pamoja kila usiku, na ndiyo maana hakuna inayochafuka haraka kama hiyo.

Mashine yenyewe hutibu ugonjwa wa kuziba kwa njia ya hewa usingizini. Mgonjwa anapolala, misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hufunga, pumzi hukatika kwa sekunde kumi au zaidi, na ubongo humshtua ili avute hewa tena. Kwa wenye ugonjwa mkali hali hiyo hujirudia makumi ya mara kwa saa. Mwaka 1980, mjini Sydney, daktari Colin Sullivan alijaribu kuizuia njia hiyo isifunge kwa kupuliza hewa yenye shinikizo kupitia puani, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981. Mashine za leo hutoa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Unyevu wa kupashwa moto ulikuwa umeanza kutumika hospitalini kabla ya hapo: mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya Auckland nchini New Zealand, daktari Matt Spence na wenzake wahandisi walitengeneza kiongeza unyevu cha wagonjwa wa mashine za kupumulia kwa kutumia mtungi wa kioo wa kuhifadhia matunda. Kitangi cha CPAP kinafanya kazi kwa kanuni ileile.

Sababu ya kuhitaji unyevu iko puani. Hewa inapofika ndani ya mapafu huwa na joto la nyuzi 37 na imeshiba mvuke, takriban gramu 44 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya chumba chenye nyuzi 20, ikiwa imebeba nusu tu ya mvuke inaoweza kuubeba, ina gramu 9 hivi. Pengo hilo huzibwa na ngozi laini ya ndani ya pua, nayo hurudishiwa sehemu ya maji yake kila pumzi inapotoka. Mgonjwa wa CPAP akifungua mdomo usingizini, hewa huingia puani na kutokea mdomoni mfululizo. Pua hutoa maji bila kurudishiwa, ngozi yake huvimba, njia huziba, na mgonjwa huamka akiwa na koo kavu na kuivua barakoa. Baadhi ya walioiacha mashine kabatini waliiacha kwa sababu hiyo. Usafi wa kitangi basi ni sehemu ya tiba: kitangi kinachonuka au kilichojaa ukoko hakijazwi, na wengi hawaivumilii mashine isiyo na maji kwa muda mrefu.

Hesabu ndogo inaonyesha kinachotokea ndani ya kitangi kwa usiku mmoja. Barakoa za CPAP zina matundu madogo ya kutolea hewa iliyokwisha kupumuliwa, na kwa shinikizo la kawaida hewa inayopita hapo hufika lita 30 hivi kwa dakika. Kwa usingizi wa saa nane hizo ni lita 14,400, yaani mita 14.4 za ujazo. Ikiwa kila mita moja imeongezewa gramu 15 za mvuke, maji yaliyotumika ni gramu 216. Kitangi cha AirSense 10, mashine ya kampuni ya ResMed, huchukua mililita 380 kikijazwa hadi mstari wa juu. Asubuhi, kwa hiyo, hubaki mililita 160 na ushei. Katika mabaki hayo ndimo lilimo suala zima la usafi.

Mvuke huondoka ukiwa maji matupu. Chokaa, magnesiamu, chumvi na madini mengine yote hubaki nyuma. Chukua maji ya kisima yenye miligramu 300 za madini kwa lita, kiwango kisicho cha ajabu. Kitangi kilichojaa kina miligramu 114. Baada ya usiku mmoja, karibu zote zimo katika yale maji yaliyobaki, ambayo sasa ni mazito kwa madini zaidi ya mara mbili kuliko yalivyokuwa jioni. Mwenye mashine anayemwaga mabaki hayo hutupa sehemu kubwa ya madini pamoja nayo. Anayeongezea maji juu yake hulimbikiza miligramu 65 kila usiku, karibu gramu 2 kwa mwezi, na zaidi ya gramu 11 kwa nusu mwaka. Watu wawili wanaweza kutumia maji yaleyale, ndoo ileile. Mmoja akawa na kitangi kinachong'aa na mwingine akawa na kitako kilichovikwa ukoko mweupe kama wa birika la zamani. Kilichowatofautisha ni kumwaga tu.

Ukoko huo una madhara zaidi ya sura. Chokaa hupitisha joto vibaya kuliko chuma, hivyo sahani hulazimika kutumia umeme zaidi ili kuyapasha maji. Uso wake una vijishimo vingi ambamo vijidudu hujificha wasifikiwe na kitambaa wala sabuni. Ukifika kwenye gasketi, ule mpira mwembamba unaoziba kati ya plastiki na chuma, huuinua kidogo kidogo hadi kitangi kianze kuvuja. Maji yakivuja juu ya sahani ya joto hayako mbali na umeme.

Jambo la pili linalokaa katika mabaki ni uhai. Joto la kiongeza unyevu haliui vijidudu. Sahani ya AirSense 10 haipandi juu ya nyuzi 68, na maji yaliyo juu yake, yanayopozwa muda wote na hewa inayopita, hubaki vuguvugu. Asubuhi mashine huzimwa, maji hushuka hadi joto la chumba, na hukaa hivyo mchana kutwa hadi usiku mwingine. Bakteria wengi wa majini hustawi katika nyuzi hizohizo. Legionella, mmoja wa wale wanaoogopwa zaidi, hupenda maji ya kati ya nyuzi 25 na 45. Baada ya siku chache vijidudu hushikamana kwenye kuta na kujifunika kwa utando wao wenyewe, ambao kidole huutambua kama utelezi. Utando ukishajengeka, kusuuza hakuuondoi. Huhitaji sabuni na kusuguliwa.

Hapa inafaa kuweka hofu mahali pake. Kiongeza unyevu cha CPAP hupitisha hewa juu ya maji. Hakirushi matone, tofauti na vile vifaa vya mezani vinavyotoa ukungu kwa mtetemo, ambavyo humwaga hewani kila kilichomo majini. Mvuke peke yake haubebi bakteria wala madini. Njia ya hatari ni nyingine: kitangi kilichojazwa kupita mstari, mashine iliyoinamishwa, au mpira uliokusanya maji ambayo hufika puani mgonjwa anapogeuka. Maji yanayoingia puani kwa namna hiyo yakitoka kwenye kisima kisichotibiwa huweza kubeba hata amiba wanaopita puani kwenda kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni nadra mno, lakini huua karibu kila anayeupata. Mwenye mapafu dhaifu, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, ana sababu ya kuwa makini zaidi ya wengine.

Maji yanayopendekezwa na watengenezaji ni yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena. Hayana madini, na kwa hiyo hayaachi ukoko. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya maabara na kwenye baadhi ya maduka ya dawa. Onyo moja halina budi kutiliwa mkazo. Kinachouzwa kama maji ya betri kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri si kitu cha kuwekwa katika mashine ya kupumulia. Chupa moja huwa na maji ya kuongezea kwenye betri, nyingine huwa na asidi ya salfuriki, na zinaweza kufanana. Hata yale yasiyo asidi hayakuandaliwa kwa ajili ya pua ya mtu, na mara nyingi huuzwa kutoka kwenye madumu ambayo historia yake haijulikani.

Maji yaliyokenekwa yasipopatikana, yapo mengine ya kushika nafasi yake. Maji ya chupa yaliyochujwa kwa mitambo hadi kubaki na madini machache yanafaa, na lebo ya chupa mara nyingi huonyesha jumla ya madini yaliyoyeyuka; kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo ukoko unavyopungua. Chupa iliyoandikwa maji yenye madini ni kinyume cha kinachotafutwa. Maji ya bomba au ya kisima yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako maji hutokota kabla ya kuwa moto vya kutosha. Kisha yapozwe ndani ya chombo chenye kifuniko. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini yote. Wakazi wa miteremko ya Mlima Meru, ambako floraidi ya majini hupaka meno rangi ya kahawia, wanalijua hilo vizuri, maana maji yao hubaki na floraidi hata yakichemshwa. Maji ya visima vinavyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama Mombasa na Unguja, yana chokaa nyingi, na mwenye kuyatumia ajue kwamba atasafisha mara nyingi zaidi. Maji ya mvua yana madini machache, ila paa la mabati huyachanganya na vumbi na mavi ya ndege. Bila kuchujwa na kuchemshwa hayafai.

Vipo pia vitu ambavyo watu huongeza majini kwa nia njema. Mafuta ya mkaratusi, dawa za kuchua zenye harufu ya kuzibua pua, marashi ya waridi, chumvi, dawa za klorini za kutibia maji ya kunywa: vyote hivi havitakiwi ndani ya kitangi. Mtu aliyezoea kujifukiza kwa majani ya mkaratusi anaposumbuliwa na mafua huona ni jambo la kawaida kudondoshea matone mawili katika maji ya mashine. Kujifukiza huchukua dakika chache, na mtu hujitoa chini ya blanketi akizidiwa. Mashine husukuma hewa ndani ya mapafu kwa shinikizo kwa saa nane, mtu akiwa amelala. Mafuta yakifika mapafuni huweza kusababisha nimonia isiyotokana na vijidudu na isiyosikia dawa za kuua bakteria, na hata yasipofika huko hula plastiki na gasketi. Klorini nayo hupaa kama gesi, hukera njia ya hewa na kutoboa chuma cha kitako.

Utunzaji wa kila siku ni mfupi kuliko kupiga mswaki. Asubuhi, baada ya kuzima mashine, kitangi huachwa kwa dakika kadhaa hadi kitako kipoe, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye sahani kinaweza kuunguza. Kisha huondolewa kwenye mashine na maji yote humwagwa. Hayarudishwi kwenye chupa, hayaachwi eti yatatumika jioni. Kitangi husuuzwa, hufutwa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, na kuachwa wazi mahali penye hewa na kivuli hadi jioni. Kukauka ndiko kunakofanya kazi kubwa. Vijidudu vinavyohitaji maji haviwezi kuongezeka kwenye plastiki kavu, na saa kumi na mbili za ukavu kila siku huvunja mzunguko ambao hakuna dawa inayouvunja kwa uhakika kama huo. Mwenye haraka sana asubuhi akiweza kufanya jambo moja tu, na liwe kumwaga maji na kuacha kifuniko wazi.

Jua kali si rafiki wa kazi hii, ingawa nyumba nyingi huanika kila kitu juani. Mionzi ya jua huifanya plastiki angavu iwe ya manjano na yenye nyufa nyembamba, na nyufa hizo huwa makao mapya ya utando. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Mara moja kwa wiki huoshwa kitangi, mpira wa hewa na barakoa. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na manukato wala dawa ya kuua vijidudu, vinatosha. Sabuni ya mche huacha utando wa mafuta ambao ni mgumu kusuuza. Jik, Dettol na spiriti havifai: hudhoofisha plastiki na silikoni, na mabaki yake huvutwa usiku kucha. Kona za kitangi na mfereji wa gasketi husafishwa kwa mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo. Waya wa kusugulia masufuria, majivu au mchanga havigusi kitangi hata mara moja, kwa kuwa kila mchubuko hubaki. Kitangi kinachofunguka huachanishwa vipande vyake kabla ya kuoshwa, na baada ya kuoshwa gasketi hurudishwa ikiwa imelala sawasawa katika mfereji wake. Mpira wa hewa hujazwa maji ya sabuni, huyumbishwa, husuuzwa mara mbili, kisha huning'inizwa ncha zote mbili zikitazama chini. Mpira wenye waya wa joto ndani yake una plagi kwenye ncha moja. Hiyo lazima ikauke kabisa kabla ya kurudishwa kwenye mashine.

Ukoko mweupe hautoki kwa sabuni. Huondolewa kwa siki, kwa sababu asidi yake hugeuza chokaa kuwa chumvi inayoyeyuka na hewa ya kaboni inayoonekana kama vipovu vidogo. ResMed hupendekeza kipimo kimoja cha siki nyeupe kwa vipimo kumi vya maji. Kampuni nyingine zina vipimo vyao, na kijitabu cha mashine ndicho cha kufuata. Siki ya kawaida ya dukani ina asidi ya asilimia 5 hivi. Kwa nguvu hiyo, kuyeyusha gramu moja ya chokaa huhitaji mililita 24 za siki, na zikichanganywa na maji kwa kipimo cha ResMed hujaza kitangi zaidi ya nusu. Kitangi chenye ukoko wa wiki moja au mbili husafika kwa kulowekwa mara moja kwa nusu saa. Chenye ukoko wa miezi sita hutaka kurudiwa mara kadhaa kwa mchanganyiko mpya kila safari, kwa kuwa asidi iliyokwisha kufanya kazi haina nguvu tena. Kuongeza ukali wa siki ili kuharakisha huweza kuchubua chuma, na kukwangua kwa kisu huharibu kitako kabisa. Siki iwe nyeupe. Ya rangi huwa na sukari na viungo vinavyobaki. Maji ya limau yana sukari pia na nyuzinyuzi, na hayafai kushika nafasi yake. Baada ya siki, kitangi husuuzwa hadi harufu iishe, la sivyo mgonjwa ataivuta usiku mzima.

Rangi zinazoonekana ndani ya kitangi hueleza mengi kwa anayezichunguza. Weupe mkavu unaokwaruza ni madini, na hauhusiani na vijidudu. Waridi au chungwa kwenye mstari wa maji ni makazi ya bakteria au hamira wanaopenda mahali penye unyevu, walewale wanaoonekana pembeni mwa sinki la bafu. Huondoka kwa sabuni na mswaki, lakini kurudi kwao kila wiki ni ishara kwamba kitangi hakikaushwi. Kijani ni mwani, na maana yake mashine iko karibu na dirisha lenye mwanga. Kahawia isiyoteleza mara nyingi ni chuma kilichomo katika maji ya kisima. Madoa meusi ni ukungu. Yakiwa juu ya ukuta wa plastiki husuguliwa yakatoka, yakiwa yameingia ndani ya nyufa au chini ya gasketi kitangi hakina dawa zaidi ya kutupwa.

Soko limejaza visanduku vinavyodai kusafisha mashine bila kuifungua, vingine kwa gesi ya ozoni, vingine kwa mwanga wa urujuanimno. Bei yake si ndogo na ahadi yake inavutia, hasa kwa mtu anayechoka kuosha. Mwezi Februari 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba hakikuwapo kifaa cha aina hiyo ilichokiidhinisha kwa kazi ya kusafisha CPAP, na kwamba watumiaji walikuwa wameripoti kikohozi, maumivu ya kichwa na matatizo ya kupumua. Ozoni inayotosha kuua vijidudu ni nyingi kuliko ile ambayo mapafu ya mtu yanapaswa kukutana nayo, na hubaki katika mpira na kitangi baada ya kazi. Mwanga nao hauui kisichomulikwa: kivuli cha kona moja hulinda utando wote uliomo. Kubwa zaidi, hakuna kati ya hivyo viwili kinachoondoa ukoko wala utelezi. Vijidudu vilivyokufa na kubaki ukutani ni chakula cha vitakavyofuata.

Mwaka 2021 suala hilo lilipata uzito mwingine. Mwezi Juni kampuni ya Philips iliita mashine zake kwa mamilioni, kwa kuwa sponji ya kupunguza sauti iliyokuwa ndani yake ilionekana kumomonyoka na kutoa chembe na gesi katika njia ya hewa. Joto na unyevu mwingi vilitajwa miongoni mwa vinavyoharakisha mmomonyoko huo, na matumizi ya ozoni yaliuzidisha. Sponji hiyo haikuwa ndani ya kitangi. Lakini tukio lenyewe linaonyesha kwamba kinachoingizwa mashinini kwa jina la usafi huweza kufika mahali ambapo mwenye mashine hapaoni.

Kiwango cha unyevu kinachochaguliwa nacho kina uhusiano na usafi. Hewa iliyoshiba mvuke kwa nyuzi 30 hubeba takriban gramu 30 kwa kila mita ya ujazo. Ikipita katika mpira uliozungukwa na chumba cha nyuzi 18 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 15, na ziada hugeuka matone ndani ya mpira. Mgonjwa husikia mgugumio, kisha maji humfikia usoni. Tiba ni kushusha kiwango cha unyevu kwa ngazi moja, kutumia mpira unaopashwa moto, au kuufunika mpira kwa kitambaa, na kuiweka mashine chini ya usawa wa kichwa ili matone yateremke kuelekea kitangini. Nairobi au Njombe katika usiku wa Julai hali hii ni ya kawaida. Dar es Salaam katika Machi, chumba kisicho na kiyoyozi, hewa yenyewe ina gramu 20 au zaidi za maji, na mgonjwa anaweza kulala kwa kiwango cha chini kabisa au hata bila maji. Kiyoyozi kikiwashwa, kama ilivyo kawaida Muscat na Dubai, hewa hukaushwa na hesabu hurudi mwanzo. Vivyo hivyo kwa aliye Toronto wakati wa baridi, ambako joto la nyumba huifanya hewa kuwa kavu mno. Kiwango cha unyevu basi hubadilishwa kwa majira, na kila kinapopandishwa, maji zaidi hukauka na ukoko huongezeka.

Chujio la hewa huguswa na wachache, ingawa ndilo linaloamua vumbi kiasi gani litafika majini. Chujio jeupe la karatasi halioshwi. Hukaguliwa kila mwezi na kubadilishwa angalau kila miezi sita, au mapema zaidi katika nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi au inayopikia kwa mkaa. Chujio la sponji linaloweza kuoshwa hurudishwa likiwa kavu kabisa.

Katika kipindi cha mafua au uambukizo wa sainasi, kitangi na barakoa huoshwa kila siku badala ya kila wiki, na kitangi cha mtu mmoja hakiazimwi kwa mwingine. Umeme unapokatika na mashine ikawa inaendeshwa kwa betri au sola, sahani ya joto na mpira wa joto ndivyo vinavyokula nguvu nyingi kuliko feni. Kuvizima huongeza muda wa betri kwa kiasi kikubwa, na maji yaliyomo kitangini bado hutoa unyevu kidogo bila joto. Kwa safari, kitangi humwagwa na kukaushwa kabla ya mashine kuingia mfukoni, maana tone linalorudi nyuma kuelekea kwenye feni huweza kuua mashine nzima.

Kitangi hakidumu milele. Watengenezaji wengi hushauri kibadilishwe kila baada ya miezi sita, ratiba ambayo imejengwa kwa kiasi fulani juu ya malipo ya bima za Marekani. Pale ambapo kipuri huagizwa kutoka ng'ambo kwa gharama ya mgonjwa mwenyewe, hali ya kitangi ni kipimo bora kuliko kalenda. Kitangi kilichokauka kila asubuhi na kuoshwa kila wiki huweza kupita muda huo kikiwa kizima. Kinachotakiwa kubadilishwa bila kuchelewa ni chenye ufa, chenye plastiki iliyofifia isiyoonyesha maji, chenye chuma kilichotoboka au kuota kutu, chenye gasketi iliyolegea, na chenye harufu isiyotoka baada ya sabuni na siki. Kuvuja hujaribiwa nje ya mashine: kitangi hujazwa hadi mstari, huwekwa juu ya karatasi kavu ya jikoni kwa dakika kumi, kisha karatasi hukaguliwa. Doa la maji, hata dogo, linatosha kukiondoa kazini.

Mashine itakayokaa bila kutumika kwa wiki kadhaa huhifadhiwa kitangi kikiwa kimetolewa, kimeoshwa na kukauka, kifuniko kikiwa wazi, ndani ya mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Ikirudishwa kazini huoshwa upya kabla ya usiku wa kwanza.